Midomo Iliyofungwa Kaskazini: Uhuru wa Kusema na Njia ya Ufashisti

Kwa miaka 16, kati ya 1925 na 1941, Mandera ilipakana na ufashisti. Hayo si mafumbo. Mwaka 1925 Uingereza iliimegea Italia eneo la Jubaland pamoja na Kismayu, na mpaka wa Kenya ukasogezwa magharibi hadi ulipo leo, ukipita kando ya mji. Gavana wa ng'ambo ya pili hadi 1928 alikuwa Cesare Maria De Vecchi, mmoja wa viongozi wanne wa msafara uliomwingiza Mussolini madarakani Oktoba 1922. Kutoka Dolo, mwendo mfupi ukiufuata mto Daua, Jenerali Rodolfo Graziani alianzisha mashambulizi ya Januari 1936 dhidi ya jeshi la Ras Desta Damtew wa Ethiopia. Majuma machache kabla ya hapo, ndege zake zilikuwa zimeipiga mabomu hospitali ya Msalaba Mwekundu wa Sweden huko Melka Dida. Desemba 1940 vita vikafika El Wak, ambayo leo imo katika kaunti ya Mandera, na askari wa Gold Coast na Afrika Kusini wakawafurusha Waitaliano pale visimani.

Naanzia huku kwa sababu swali la uhuru wa kusema na ufashisti huletwa kwetu kama jambo la Berlin na vitabu vyake. Swali lenyewe ni hili: ukimwacha kila mtu aseme atakalo, bila mpaka, humlei yule ambaye kesho atawanyamazisha wengine wote? Wengi siku hizi hujibu ndiyo, na si wajinga. Wameona chuki ikisambaa kwenye simu kama moto wa nyasi za kiangazi. Serikali zetu nazo hujibu ndiyo, kwa sababu zao. Mimi nataka kulipima jibu hilo kwa mambo yaliyotokea, hasa katika ardhi hii ya kaskazini mashariki ambayo imekuwa na uhuru mdogo wa kusema kuliko pengine popote nchini Kenya.

Tuanze na Italia yenyewe. Mussolini alikuwa mwandishi wa habari, na gazeti lake, Il Popolo d'Italia, lilianza 1914. Anayetaka kuulaumu uhuru wa magazeti anaweza kuishika hoja hapo. Lakini mwaka 1919, wafuasi wake walipokuwa bado kikundi kidogo, moja ya kazi zao za kwanza mjini Milano ilikuwa kuichoma ofisi ya gazeti la wasoshalisti, Avanti!. Tarehe 30 Mei 1924 mbunge Giacomo Matteotti alisimama bungeni akaeleza jinsi uchaguzi ulivyoibwa kwa marungu. Siku 11 baadaye alitekwa barabarani akauawa. Sheria za kuyafunga magazeti zilifuata baada ya hapo, na kufikia mwisho wa 1926 hapakuwa na gazeti la upinzani. Ufashisti ulitumia mdomo wake, ndiyo. Ila ulishinda kwa kuvunja midomo ya wengine, mchana kweupe, huku polisi wakitazama pembeni.

Ujerumani ndiyo mfano unaotajwa zaidi, na ndio unaosimuliwa vibaya zaidi. Husemwa kwamba jamhuri ile iliyozaliwa 1918 ilikuwa laini mno, ikawaacha Wanazi waseme hadi wakaiua. Ukweli ni kwamba ilikuwa na sheria. Mwaka 1922 ilipitisha sheria ya kuilinda jamhuri. Hitler alipigwa marufuku kuhutubia hadharani katika jimbo la Bavaria kuanzia 1925 hadi 1927, na katika Prussia hadi 1928. Julius Streicher, mwenye gazeti la chuki dhidi ya Wayahudi la Der Stürmer, alishtakiwa mara nyingi na kufungwa. Kilichokosekana kilikuwa hakimu asiyeegemea upande. Hitler alijaribu kuipindua serikali kwa silaha Novemba 1923, akahukumiwa miaka mitano, akatoka kabla mwaka haujatimia, na wakati wa kesi aliachwa ageuze kizimba kuwa jukwaa. Kisha tarehe 28 Februari 1933, siku moja baada ya bunge kuungua, amri ya dharura ilifuta uhuru wa kusema, wa kuandika na wa kukutana. Amri hiyo ilisimama juu ya kifungu cha dharura kilichokuwa tayari katika katiba. Kamba ilikuwa imeshasokotwa na watu wema, kwa nia njema.

Hata hivyo siwezi kujificha nyuma ya Ulaya. Mfano unaoumiza hoja yangu uko jirani, Rwanda. Magazeti binafsi yalifunguliwa huko kuanzia 1990, na katika ufunguzi huo likazaliwa Kangura, lililochapa amri zake kumi za chuki dhidi ya Watutsi Desemba mwaka huo. Julai 1993 ikaanza redio ya RTLM. Ilikuwa redio ya kuchangamsha: muziki mzuri, mizaha, lugha ya mtaani, watangazaji wanaoongea kama jirani yako. Mauaji ya kimbari yalipoanza Aprili 1994, redio hiyohiyo ikawa inataja majina ya watu na mahali walipojificha. Mahakama ya kimataifa kuhusu Rwanda, iliyoketi Arusha, iliwatia hatiani wakuu wa vyombo hivyo viwili Desemba 2003. Mtu akiniambia kwamba maneno hayaui, namwelekeza huko.

Lakini tuitazame RTLM kwa karibu. Ilikuwa ya kampuni binafsi kwa jina tu, maana walioianzisha walikuwa watu wa karibu na ikulu ya rais Habyarimana. Mfanyabiashara Félicien Kabuga ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya waanzilishi wake. Na asubuhi ya tarehe 7 Aprili 1994, waziri mkuu Agathe Uwilingiyimana, Mhutu aliyepinga ubaguzi, alitarajiwa kwenda Radio Rwanda kuzungumza na taifa. Askari wa Ubelgiji wa Umoja wa Mataifa walikuwa wamefika kumsindikiza. Hakuifikia redio. Alikamatwa na kuuawa asubuhi hiyo, na askari 10 wa Ubelgiji wakauawa. Kila ninaposoma habari za RTLM namkumbuka mama huyu aliyeuawa kabla ya kuifikia maikrofoni. Wauaji walijua kwamba hata sauti moja yenye mamlaka, ikisema kinyume kwa dakika chache, ingewaharibia kazi. Kwa hiyo sauti ya upande mmoja ikaachwa hewani na ya pili ikauawa.

Sasa turudi nyumbani.

Kaskazini mashariki ya Kenya ilifungwa kabla ya kuwa na jina hilo. Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ilitangazwa eneo la kufungwa mwaka 1926, na sheria ya wilaya maalumu ya 1934 ikaongeza kufuli: kuingia kwa kibali, kutoka kwa kibali. Chama cha vijana wa Kisomali, SYL, kilipigwa marufuku 1948. Katika miaka ya mwisho ya ukoloni watu wakaruhusiwa kuunda vyama na kusema, na tume ya 1962 iliyokuja kuwasikiliza ikakuta walio wengi wanataka kuungana na Somalia. Waliulizwa, wakajibu, na jibu lao likawekwa kando. Desemba 1963, kabla hata mwezi haujaisha tangu bendera ya uhuru kupandishwa, hali ya hatari ilitangazwa katika eneo lote. Vita vya Shifta, kati ya serikali na waasi waliotaka kuungana na Somalia, vilikwisha kwa mapatano ya Arusha mwaka 1967. Mamlaka ya hali ya hatari hayakuondolewa hadi 1991. Mtoto aliyezaliwa Garissa siku ya uhuru alikuwa na miaka karibu 28 ndipo akaanza kuishi chini ya sheria zilezile za mtoto wa Nakuru. Mtu wa huku akipanda basi la kwenda Nairobi alisema, na wengine bado wanasema, kwamba anakwenda Kenya.

Katika miaka ya vita hewa haikuwa kimya. Redio Mogadishu ilipiga ngoma ya Somalia moja, nyota yenye pembe tano, na kuwaita watu waasi. Sauti ya Kenya ikajibu kwa Kisomali, ikiwaita walioasi majambazi. Serikali mbili zilizungumza usiku na mchana juu ya vichwa vya wafugaji, na mfugaji mwenyewe hakuwa na pa kusemea. Hapo ndipo neno "shifta" lilipokua. Mwanzoni lilikuwa na maana ya mwenye bunduki porini. Taratibu likawa jina la mtu yeyote mwenye nywele laini, kanzu na ngamia. Neno hilo lilisemwa bila kizuizi chochote bungeni, magazetini, katika ofisi za wakuu wa wilaya, kwenye vituo vya polisi, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kulijibu.

Februari 1984 neno hilo likazaa matunda. Tarehe 10, katika msako wa kutafuta silaha, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa kutoka manyatta na mitaa ya Wajir, wakapelekwa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla. Walivuliwa nguo, wakalazwa kifudifudi juani siku kadhaa bila maji wala chakula. Waliojaribu kukimbia walipigwa risasi. Serikali ilitoa idadi ya wafu 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilisema katika ripoti yake ya 2013 kwamba waliokufa walikaribia 1,000, na wako manusura wanaotaja 5,000. Miaka zaidi ya mitatu kabla yake mtaa wa Bulla Kartasi mjini Garissa ulikuwa umechomwa na askari baada ya maofisa wa serikali kuuawa. Huko pia hesabu ya wafu inabishaniwa hadi leo, kwa sababu aliyekuwa na nguvu ya kuhesabu hakutaka kuhesabu.

Habari za Wagalla zilitokaje? Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu Wajir, aliokota majeruhi, akazika wafu na kusaidia ushahidi uvuke hadi kwa balozi za nje. Hakuruhusiwa kuendelea kukaa Kenya. Mbunge Ahmed Khalif alilisema jambo lile bungeni wakati ambapo kusema kulikuwa na gharama. Narudia kuwaza jambo moja kuhusu hawa wawili: mmoja alitoka katika nchi iliyobuni ufashisti, mwingine katika jamii iliyofungiwa mdomo, na kwa muda walikuwa karibu ndio vyombo vyote vya habari ambavyo Wajir ilikuwa navyo.

Je, Kenya ya 1984 ilikuwa ya kifashisti? Sitasema hivyo. Neno hilo lina maana, na ukilitupa kila upande linakuwa tusi tupu. Ufashisti ni chama na kiongozi anayedai kuwa yeye ndiye taifa, ni ibada ya nguvu, ni taifa kufikiriwa kama mwili mmoja safi wenye uchafu wa kuondolewa. Jina lake latokana na mganda wa fimbo zilizofungwa pamoja kwenye shoka. Kenya haikuwa hivyo. Lakini vifaa vya kazi vilikuwa vilevile: hatia ya ukoo mzima, kambi, kitambulisho cha pekee (mwaka 1989 Wakenya wa Kisomali walipangwa foleni kuhakikiwa na kupewa kadi zao za rangi ya waridi), na juu ya yote hayo, kimya kilicholindwa na sheria. Vifaa hivyo havikutoka kwa wachochezi wa mitaani waliozidiwa na uhuru. Vilitoka ofisini, katika eneo ambalo uhuru wa kusema ulikuwa umeondolewa ili, tuliambiwa, kuzuia maafa.

Kisha likaja kundi ambalo kwa tabia yake liko karibu zaidi na ufashisti kuliko lolote lililowahi kuikanyaga Mandera. Al-Shabaab wana ibada ya kifo, wana usafi wa kulazimishwa, wanaua waandishi wa habari na kufungia redio wasizozimiliki, huku redio yao wenyewe, Andalus, ikinguruma bila mpinzani. Tarehe 22 Novemba 2014 walisimamisha basi lililotoka Mandera kuelekea Nairobi, wakawatenga abiria kwa dini, wakaua 28. Siku 10 baadaye waliua 36 katika machimbo ya mawe ya Koromey. Aprili 2 mwaka uliofuata waliua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Lengo halikuwa kuua peke yake. Walitaka Mkenya wa bara amwone kila Msomali kuwa adui, na Msomali amwone kila mwalimu kutoka bara kuwa mgeni. Walimu walikimbia kweli, na madarasa ya Mandera yakabaki na watoto bila mwalimu.

Serikali ilijibu jinsi gani? Aprili 2014, katika operesheni ya Usalama Watch, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikuwa wamekamatwa Eastleigh na kwingineko, na wengi kuzuiliwa uwanjani Kasarani. Baada ya mauaji ya Mandera, sheria mpya ya usalama ilisukumwa bungeni kwa vurugu Desemba 2014, ikiwa na vifungu vya kumwadhibu anayechapisha habari za ugaidi bila idhini ya polisi. Mahakama Kuu iliviondoa vifungu hivyo Februari 2015. Natoa heshima kwa majaji wale. Fikiria sheria ile ingekuwapo 1984, na Ahmed Khalif angepaswa kwanza kuomba idhini kwa watu walewale waliokuwa wamesimama na bunduki pale Wagalla.

Halafu Desemba 2015, karibu na El Wak palepale waliposhindwa askari wa Mussolini, basi jingine likasimamishwa. Wauaji wakaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria wa Kiislamu wakakataa, wanawake wakawapa wenzao hijabu wajifunike, wakawaambia wauaji wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi katika kukataa huko, akafariki mwezi uliofuata. Yale yalikuwa maneno machache tu, yaliyosemwa na watu wasio na silaha mbele ya wenye silaha.

Nisije nikaonekana nasema kwamba maneno ya watu wetu wenyewe huwa mema siku zote. Vita vya Garre na Degodia vya 2012 hadi 2014, vilivyochoma vijiji kuanzia Rhamu hadi Banissa na kuvuka hadi Wajir, vilikuwa na wanasiasa wake wa kuchochea na simu zake za kusambaza. Jamii ya Kisomali inajua tangu zamani kwamba neno huunguza. Mlolongo maarufu wa mashairi ya kujibizana kati ya koo katika karne ya 20 uliitwa Guba, jina linalobeba maana ya kuunguza, na ulifufua visasi vilivyokuwa vimelala. Kwa sababu hiyo sheria ya mila, xeer, ina kitu kiitwacho xaal: fidia ya aliyevunjiwa heshima kwa neno au kitendo. Aliyetukana huitwa mbele ya wazee, husikilizwa, na ukoo wake hulipa. Utaratibu huo hunipa somo kuliko mihadhara mingi: haumzuii mtu kufungua mdomo, humdai baada ya kusema, humpa aliyeumizwa nafasi ya kujibu, na haujali kama aliyesema ni mkubwa au mdogo.

Angalau hivyo ndivyo unavyopaswa kuwa. Wazee nao hufunga midomo. Mabaraza ya koo Mandera yamewahi kuketi na kugawa viti vya uchaguzi kabla mpiga kura hajaulizwa, na katika vikao hivyo wanawake, vijana na zile koo ndogo ambazo watu wa Mandera huziita za kona husikia uamuzi baada ya kufanywa. Amani ya namna hiyo hununuliwa kwa sauti za wanyonge. Amani ya Wajir ya 1993, iliyozima mapigano ya koo, ilikuwa tofauti, na tofauti hiyo ndiyo siri yake: ilianzishwa na wanawake sokoni, akiwemo Dekha Ibrahim Abdi, waliowaambia wazee na wapiganaji mambo ambayo mila haikuwatarajia wao kuyasema.

Basi mpaka uwe wapi? Katiba ya 2010, ibara ya 33, inalinda uhuru wa kujieleza na kuutoa nje ya ulinzi huo uchochezi wa fujo, propaganda ya vita na matamshi ya chuki. Nakubaliana na maneno hayo. Anayetaja nyumba za watu wa kushambuliwa hatoi maoni, anatoa amri ya kuua, na anastahili kizimba. Sheria ya utangamano ya 2008 inaruhusu faini ya hadi shilingi milioni moja au kifungo cha hadi miaka mitatu. Udhaifu wake umekuwa utekelezaji. Mwanasiasa mwenye mawakili huitwa, hupigwa picha, huomba radhi na kurudi jukwaani, huku kijana aliyemkejeli mkubwa mtandaoni akichukuliwa usiku. Hiyo ndiyo Ujerumani ya 1924, ya kesi ya Hitler, kwa kiwango chetu.

Nyongeza ya zama hizi ni mashine. Mwana wa profesa Meareg Amare, Mtigray aliyeuawa Bahir Dar, Ethiopia, Novemba 2021 baada ya Facebook kubeba machapisho yaliyomlenga, ameishtaki kampuni ya Meta mjini Nairobi, na Aprili 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba inayo mamlaka ya kuisikiliza kesi hiyo. Kusema na kukuzwa ni vitu viwili. Mlevi anayepiga kelele za chuki kijiweni anatumia uhuru wake. Kampuni inayoichukua kelele hiyo na kuipeleka kwa watu laki mbili kwa sababu hasira huleta matangazo inafanya biashara, na biashara hudhibitiwa. Mpaka huo ungeweza kuwekwa bila kumgusa mwandishi yeyote wa Garissa.

Aprili 2011 tume ya ukweli ilianza vikao vyake vya hadhara, ikaanzia Garissa, ikaenda Wajir na Mandera. Kwa miongo mingi tuliambiwa kwamba ukiwaacha watu wa kaskazini waseme walichofanyiwa, nchi itawaka. Walikuja. Wajane wa Wagalla walisema kwa Kisomali, mkalimani akiwafuata nyuma, mbele ya serikali na kamera, wakitaja tarehe, majina na miili waliyoitambua kwa kovu au kwa jino. Wengine walilia, wengine walitaja vyeo vya waliotoa amri. Jioni watu walikunja mikeka wakarudi nyumbani, na hakuna duka lililochomwa. Machi 2015 rais wa wakati huo aliomba radhi kwa niaba ya taifa. Ripoti yenyewe ilikabidhiwa Mei 2013, na Bunge halijaipitisha hadi leo.